Mjusi wa Tendaguru Alikula Nini?

Kila baada ya miaka michache mjusi wa Tendaguru hufufuka bungeni. Mbunge kutoka kusini husimama na kuuliza ni lini mifupa iliyochukuliwa na Wajerumani itarejeshwa, au walau ni lini nchi itapata mgawo wa fedha zinazolipwa na watazamaji kule Berlin. Waziri hujibu kwamba mazungumzo yanaendelea, kwamba gharama za kumsafirisha na kumtunza ni kubwa, kwamba ushirikiano ndiyo njia bora. Meza hugongwa, baadhi hucheka, na mjusi hurudi kulala.

Sina ugomvi na swali la mbunge. Lakini muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, darasa la watu zaidi ya sitini, swali jingine: mnyama huyu alikula nini? Wote walijua yuko Berlin. Wengi walijua aliondoka zama za Mjerumani. Mmoja alinitajia hata bei ya tiketi ya makumbusho. Kuhusu chakula, kijana wa nyuma alisema kwa kujiamini kwamba alikula watu, na nusu ya darasa ikaitikia kwa vichwa.

Alikula majani. Aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na binadamu hakuwapo wala hakukaribia kuwapo. Na hilo jina la mjusi lenyewe linatupotosha, kwa kuwa jamaa wa dinosaria waliopo nasi leo ni ndege. Kuku wa uani kwako ana undugu naye kuliko mjusi kafiri wa ukutani.

Siwalaumu wanafunzi. Wamerithi mjadala unaoijua thamani ya kitu bila kukijua kitu chenyewe, na naona huo ni uporaji wa pili, ambao hatuudai popote.

Uporaji wa kwanza una tarehe. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, aliarifu kuhusu mifupa mikubwa iliyokuwa juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa visukuku, Eberhard Fraas, alifika kuithibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na katika msimu wa mwisho Hans Reck. Naomba msomaji aisome miaka hiyo pamoja na mingine anayoijua. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala, huanzia 75,000 na kufika 300,000. Nchi iliyochimbwa mifupa ya kale ilikuwa bado ina makaburi mabichi. Kuhusu umiliki, amri ya Kaizari ya 1895 ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola, na aliyeamua ipi haina mwenyewe ni dola hiyo hiyo.

Katika kilele cha kazi vibarua walikaribia 500. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini. Kwa jumla ziliondoka zaidi ya tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kisukuku cha miaka milioni 150 hupasuka kikiguswa vibaya, na kupasua mfupa ni kuchana ukurasa. Mikono iliyojua mahali pa kupiga patasi na mahali pa kusita ilikuwa mikono ya watu wa hapa. Hiyo nayo ni sayansi, ingawa haikulipwa kama sayansi.

Nilimwona mnyama huyo nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu. Anasimama katika ukumbi wenye paa la kioo, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Niliingia nikiwa na hasira niliyoiandaa tangu nyumbani, nayo sikuiacha mlangoni. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa maelezo ya ukutani. Yule siye mnyama mmoja: mifupa imetoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na kichwa kilichoko juu ni nakala, kwa kuwa kile halisi hakifai kutundikwa. Aliposimamishwa mara ya kwanza, 1937, miguu ya mbele ilipinda kwa nje kama ya mamba na mkia uliburuzwa sakafuni. Katika ukarabati uliokamilika 2007 miguu ilinyooshwa na mkia ukainuliwa. Hata jina limebadilika: Janensch alimwita Brachiosaurus, na leo wataalamu wengi humwita Giraffatitan, baada ya kulinganisha mifupa yake na ya yule wa Marekani na kuona tofauti nyingi mno. Uzito wake umekadiriwa kuanzia tani 15 hadi 78, kutegemea nani amepima na kwa njia gani.

Mtu anaweza kuyasoma hayo na kusema wataalamu hawajui wanachosema. Mimi naona kinyume. Aliye na mfupa anaweza kujisahihisha. Sisi tumebaki na picha ya 1937, na darasa langu ni ushahidi.

Na mifupa ya Tendaguru inasema mengi. Pingili za shingo zina mashimo ya hewa, kama za ndege. Ndivyo shingo ndefu namna ile iliwezekana kubebwa. Mfupa ukikatwa kipande chembamba kupita karatasi na kuwekwa chini ya hadubini, huonyesha mistari ya ukuaji inayosomwa kama ile ya shina la mti. Mwaka 2011 watafiti walieleza pingili ya dinosaria mdogo wa Tendaguru, Dysalotosaurus, iliyoharibiwa na ugonjwa unaofanana na ule wa mifupa uitwao Paget, ambao kwa binadamu umehusishwa na virusi. Mnyama aliugua Lindi, na alama ya ugonjwa ikadumu miaka milioni 150.

Udongo nao una habari zake. Matabaka makuu ya mifupa ni matatu, na kati yake kuna mchanga wenye makombe na konokono wa baharini. Maana yake bahari ilipanda na kushuka, tena na tena. Kilima kile cha leo kilikuwa pwani ya vidimbwi vya maji chumvi, na wanyama walishuka kutoka kwenye misitu ya bara. Mtoto wa shule ya msingi Lindi anafundishwa bahari na mabara. Angeweza kufundishwa kwa udongo wa mkoa wake.

Nirudi kwa yule Dysalotosaurus mgonjwa. Jina lake kamili, alilopewa 1919, ni Dysalotosaurus lettowvorbecki. Ndiyo, yule yule Lettow-Vorbeck, jenerali ambaye vita vyake katika nchi hii viliua wapagazi kwa maelfu. Dinosaria mwingine, Elaphrosaurus bambergi, ana jina la tajiri Mjerumani aliyechangia fedha za msafara. Boheti alisubiri hadi 2007, mifupa iliyochimbwa enzi zake ilipochunguzwa upya na mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 likafuata Wamweracaudia keranjei, linalowakumbuka Wamwera na Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji. Majina hayo mawili yamo katika majarida ya kitaaluma. Sijayaona katika kitabu chetu chochote cha shule.

Wala hadithi haikuishia kwa Mjerumani. Katika bonde la Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, Waingereza waliokota miaka ya 1930 mifupa ya mnyama aliyepewa jina rasmi na maelezo kamili 2013 tu: Nyasasaurus, ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu kabisa. Mifupa hiyo iko London na Cape Town. Kutoka upande wa Rukwa na Songwe wamepatikana wengine katika karne hii, safari hii kwa vibali na chini ya sheria yetu ya mambo ya kale, na majina yao yanasomeka kwa Kiswahili: Shingopana, na Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyepatikana kando ya mto Mtuka na ambaye pingili za mkia zina umbo la moyo. Nilipoliandika jina hilo ubaoni darasa lilicheka, kisha likauliza maswali kwa dakika arobaini. Hatukumaliza mada ya siku ile.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa wizara wanaosoma ukurasa huu: mkiketi tena mezani na Wajerumani, mifupa idaini, hilo ni la haki. Lakini pamoja nayo daini daftari za uchimbaji, picha na barua, zote, kwa nakala zinazosomeka Dar es Salaam na Lindi. Daini nafasi za uzamili na uzamivu kwa vijana wetu katika fani hii, kila mwaka, na maabara ya kurudia nazo nyumbani. Bila mtu wa kuusoma, mfupa ukirudi utakaa katika ghala kama mawe, na tutalipa walinzi.

Katika ghala la Berlin bado yapo mafurushi ambayo hayajafunguliwa tangu yafungwe zaidi ya miaka mia iliyopita. Mifupa imevishwa fito za mianzi, kwa ufundi wa vibarua wa Tendaguru. Watafiti wa huko huyapiga picha kwa mionzi ili kuona kilichomo bila kuyafungua. Kijana wa nyuma, yule wa walaji watu, ameniomba nimwandikie barua ya kuombea nafasi. Nimeshaiandika.