Zürich, Mji Ambamo Chuma Humsaidia Mtu Kutembea



Msafiri aingiaye mji wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, hupokewa kwanza na maji. Mto Limmat watoka ziwani na kuupasua mji katikati, na kando yake yasimama minara miwili ya kanisa la kale, Grossmünster. Wengi huujua mji huu kwa mabenki yake. Sisi hatukuyafuata hayo. Tulipanda treni ndogo ya mjini ifuatayo barabara ya Forchstrasse, ikatupandisha taratibu hadi mahali paitwapo Balgrist, kwa kuwa hapo pana hospitali ambayo habari yake yafaa kujulikana katika kila nyumba yenye mgonjwa aliyepooza.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya watoto wenye viungo vilivyolemaa. Leo ni hospitali ya chuo kikuu, na ndani yake mna kituo cha watu walioumia uti wa mgongo. Katika kituo hicho, miaka ya 1990, mhandisi Gery Colombo na daktari Volker Dietz pamoja na wenzao waliishughulikia mashine iitwayo Lokomat, na mwaka 2000 wakaieleza habari yake kwa maandishi.

Yatupasa kujua kwanza haja iliyowasukuma. Mtu akiumia uti wa mgongo, au akipatwa na kiharusi, mara nyingi miguu yenyewe haina jeraha. Kilichoharibika ni ubongo utoao amri, au njia ipitishayo amri hiyo. Lakini ubongo na uti wa mgongo, kwa rehema ya Muumba, vyaweza kujifunza upya kwa kadiri fulani vikirudishiwa somo lile lile, kama mtoto wa chuoni arudiavyo aya moja mpaka ulimi wake ukaizoea. Somo la mguu ni hatua, na hatua hizo hapana budi ziwe nyingi, tena ziwe sahihi. Kabla ya mashine, mgonjwa alining'inizwa kwa mikanda juu ya utepe uzungukao chini ya nyayo, na wataalamu wawili wa tiba ya viungo wakaketi huku na huku, wakiisogeza miguu yake kwa mikono yao. Ilikuwa kazi nzito mno, na mara nyingi wao walichoka kabla somo halijatosha.

Ndipo chuma kikapewa kazi ya mikono ile. Mgonjwa huvikwa kizibao kilichofungwa kwa kamba juu, nacho huupunguza uzito wa mwili. Mapaja na miguu yake hufungwa katika miguu ya chuma yenye mota nne, mbili nyongani na mbili magotini. Penye viungo hivyo pana vihisi, yaani vyombo vidogo vipimavyo goti limekunjika kiasi gani, na nguvu gani yatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kompyuta huvisoma vipimo hivyo papo hapo, na mgonjwa huiona juhudi yake mbele yake katika kioo. Mtaalamu haondoki. Yeye ndiye aamuaye uzito upunguzwe kiasi gani, mwendo uwe upi, na msaada uongezwe au upunguzwe lini.

Hapo kwenye kupunguza msaada ndipo penye siri ya jambo lote. Mtu aweza kulegea ndani ya mashine, akatembezwa nusu saa nzima ilhali yeye mwenyewe hakutembea. Mwaka 2008 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa Chicago, Marekani, juu ya watu 48 waliopatwa na kiharusi lakini wakaweza bado kutembea. Waliosaidiwa na mikono ya wataalamu waliongeza mwendo wao kuliko waliotembezwa na mashine. Kwa hiyo mabingwa wameziunda mashine zitoazo msaada ule tu ambao mgonjwa hana budi kuupata.

Hata hivyo, chuma hakishindi kila mahali. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 770 wa kiharusi, ulijaribu roboti ya kuzoeza mkono, wala haukuona kwamba iliushinda utunzaji wa kawaida. Katika kutembea habari ni njema zaidi. Mwaka 2020 zilikusanywa na kupimwa tafiti 62, ikaonekana kwamba mashine ikiongezwa juu ya tiba ya viungo huwasaidia watu wengi zaidi kurudi kutembea bila kushikwa. Khasa wale wasioweza kabisa kutembea, nao wakaanza katika miezi 3 ya kwanza.

Basi, enyi wazazi na vijana, msikate tamaa kwa kuwa mashine hizi ni za ghali na ziko mbali. Wala msikae mkizingoja, miezi ile ya mwanzo ikapita bure. Ambacho mashine hujaribu kukitoa ni mambo matatu: kuanza mapema, kurudia sana, na mgonjwa kujitahidi mwenyewe. Mengi ya hayo yawezekana nyumbani, baada ya mtaalamu wa tiba ya viungo kuwaonyesha namna.

Tena tuwe na hadhari na huruma izidiyo kiasi. Mara nyingi twamwona mzee aliyepooza upande mmoja akilishwa, akivishwa na kubebwa kwa kila jambo, na watoto wake wadhani huo ndio wema. Mwacheni afunge kifungo kimoja, hata akichukua dakika kumi. Mkimwinua, msimvute kwa mkono uliopooza, maana bega lake huumia upesi. Na akitaka kusimama, kaeni karibu naye msianguke pamoja, mumshike pale tu nguvu zake zinapokwisha.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wawatunzao.