Barua kutoka Lowell: Viwanda Viliondoka, Reli Ikabaki

Ndugu zangu wa Ushetu,

Mmoja wenu aliniuliza kwa simu: kama kazi ziko Boston, mbona mnaishi Lowell? Ni kodi ya nyumba. Boston iko pwani ya Marekani, ina hospitali na vyuo vikubwa, lakini pango lake linameza mshahara. Basi watu wanaingia bara, kama kilomita 40, wanapanga huku na kupanda treni. Alfajiri kituoni utawakuta wahudumu wa hospitali, sare chini ya makoti, chai mkononi, na Kiswahili utakisikia, maana Wakenya ni wengi hapa. Dakika 45 hivi, wako North Station ya Boston. Ndiyo maana Lowell inakua: sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 106,519. Ya 2020, 115,554.

Lakini mji huu haukujengwa uwe wa kulala tu. Ulijengwa kwa pamba. Kuanzia miaka ya 1820, matajiri wa Boston walitumia maporomoko ya mto Merrimack kuendesha mitambo, na wasichana wa mashambani wakaja kufuma. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, hilo lisisahaulike. Na vitambaa vya jimbo hili la Massachusetts ndivyo wafanyabiashara wa Salem walivyovipeleka Zanzibar, vikapanda na misafara hadi Unyamwezi. Kitambaa cha merikani walichokibeba wapagazi wa kwetu kilitoka pande hizi.

Karne ya 20 viwanda vikahamia kusini, kwenye vibarua wa bei rahisi. Leo ukiingia kiwanda cha zamani cha Boott unakuta makumbusho. Mitambo ya kufuma bado inawashwa, na kelele zake ni kubwa hata wageni wanapewa vizibo vya masikio. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya kuta zilezile za matofali, watu wamepanga, wameweka mapazia.

Vilivyouokoa mji ni vile ambavyo tajiri hakuweza kuondoka navyo: reli iliyofunguliwa 1835, na shule ya ufumaji ya 1895 ambayo leo ni sehemu ya chuo kikuu.

Ndiyo maana naiwaza Kahama, na sisi wa Ushetu, majirani zake. Dhahabu imeikuza Kahama, lakini mgodi wa Buzwagi ulioanza uzalishaji 2009 ulikoma 2021. Pamba yetu inachambuliwa, inafungwa marobota, inasafirishwa ikafumwe kwingine. Viwanja vya Kahama vikipanda bei, watu watakuja kutafuta Ushetu, na hapo ndipo mashamba yatakapokatwa ovyo.

Waheshimiwa madiwani, pimeni ardhi sasa. Tengeni barabara pana, stendi na eneo la chuo cha ufundi pale Nyamilangano kabla ya viwanja kuuzwa. Nanyi wenye mashamba kando ya barabara, msiuze kabla ramani haijabandikwa ubaoni mkaisoma wenyewe.