Tilapia na kambale katika bwawa moja: safari ya Masisi hadi Walikale



Kikundi chetu cha Masisi kilinituma Walikale na swali moja: je, tilapia na kambale wanaweza kukaa katika bwawa moja? Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake kuna akiba ya wamama 24.

Wengi wenu munajua yaliyotupata. Mwaka jana tulichanga pesa, tukachimba bwawa la mita 10 kwa 20, tukatia tilapia 400 wenye urefu wa kidole. Baadaye tukasikia kwamba kambale, huyu ambaye wengine wanamwita ngolo, anakua upesi na anapata wanunuzi. Tukanunua kambale 30 kwa vijana waliowavua katika maji ya bondeni. Wengine walikuwa na urefu wa kiganja, wengine walifika kiwiko cha mkono. Hatukuwachagua. Miezi 6 ikapita, tukatoa maji, tukakuta kambale 22 wanene na tilapia 61 tu. Shule ya msingi hailipwi, lakini sekondari inalipwa, na pesa ya watoto wa sekondari ndiyo tuliyokuwa tumeitegemea pale. Tangu siku ile mkutano wetu ulikuwa na pande mbili: hawa wanasema kambale ni mwizi, asirudi, wale wanasema kosa ni letu. Mimi nikatumwa kwa sababu ninafundisha, na ninajua kuandika vile ninaambiwa.

Nilitoka Masisi-centre kwa pikipiki alfajiri, nikiwa nimevaa sweta mbili. Munaijua baridi yetu: ukungu juu ya majani, ngombe wamesimama ndani yake kama mawe, na wanaobeba fromage wakiteremka na mizigo yao. Tukapita Nyabiondo. Baada ya pale njia inashuka, na mito inashuka pamoja nawe, maana maji ya huku kwetu yanaelekea mto Lowa, na Lowa inayapeleka hadi Lualaba. Tulipofika upande wa Kashebere nilikuwa nimevua sweta zote mbili. Mashamba ya viazi yalikuwa yamebaki nyuma. Sasa ni mihogo, ndizi, michikichi, kisha msitu. Jasho lilinitoka, nikamlalamikia motari. Sikujua kwamba jibu la kwanza la swali letu lilikuwa katika jasho lile.

Wamama walionipokea wana mabwawa 3 kando ya kijito, mbali kidogo na njia kubwa. Wanaume wengi wa kijiji wako kwenye machimbo ya madini. Mama prezida wao ni mjane mwenye watoto 6. Aliniambia kwamba walianza kuchimba mwaka ambao watoto 3 wa kijiji waliugua bwaki, na samaki wakavu wa sokoni walikuwa wamepanda bei. Nilipomweleza habari ya tilapia wetu 61 hakucheka. Alinishika mkono, akautia katika maji.

“Mwalimu, maji ya kwenu ni hivi?”

Yalikuwa na uvuguvugu kama maji ya kuogesha mtoto. Nikamjibu kwamba ya kwetu yanauma vidole asubuhi.

“Basi kwanza uliza maji,” akasema, “halafu ndiyo uulize samaki.”

Nikatoa kalamu. Haya ndiyo niliyoandika.

Swali la kwanza: maji yana joto gani? Tilapia anapenda maji ya digrii 25 hadi 30. Katika joto hilo anakua vizuri, na anazaa sana. Mama tilapia huficha mayai na watoto mdomoni mwake, kwa hiyo wengi wanapona. Akifika miezi michache tu anaanza kuzaa, hata kama bado ni mdogo, na bwawa linajaa. Chakula ni kile kile, midomo imekuwa mingi, na wote wanadumaa. Wamama wa Walikale walitia kambale ili ale wale watoto wanaozidi. Lakini maji yakiwa chini ya digrii 20, tilapia anakua polepole na karibu haachi kabisa mayai. Ndiyo bwawa letu la Masisi. Hapakuwa na watoto wa kupunguzwa. Kambale aliyetafuta nyama alipata tilapia wale wale tuliowanunua.

Swali la pili: mdomo una upana gani? Kambale hatafuni, anameza. Samaki anayeingia mdomoni mwake ni chakula, asiyeingia ni jirani. Kwa hiyo tilapia wanatangulia. Wanapewa kama miezi 2 wakue, ndipo kambale wanaingia, na kila kambale awe mdogo kuliko tilapia aliye bwawani. Mama prezida anawapima mmoja mmoja kwenye beseni. Mwenye kuzidi anaenda kwenye chungu siku ile ile. Sisi tuliweka wenye urefu wa mkono pamoja na wenye urefu wa kidole.

Swali la tatu: kila mmoja anakula nini? Tilapia anakula kijani cha maji, pumba na majani. Kambale anakula wadudu, minyoo, vyura wadogo, mabaki ya chini na samaki wadogo. Hapo hawagombani sana. Ila kambale mwenye njaa ni mkali, kwa hiyo wamama wanawatupia mchwa na pumba ya mchele saa ile ile kila siku. Ili kujua kama kijani kinatosha, wanazamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, inatosha. Kikipotea mapema zaidi, wanaacha kutia mbolea.

Swali la nne: nani anapumua namna gani? Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, na anaishi hata katika matope. Tilapia hawezi hivyo. Asubuhi ukiona tilapia wamejaa juu wanafungua midomo na kambale wametulia, maji yamechoka: punguza mbolea, fungulia maji mapya. Tena, usiku wa mvua kambale anaweza kutambaa atoke nje. Kwa hiyo wamezungusha ua wa miti, na wameweka wavu kwenye mdomo wa kuingiza maji na wa kutoa.

Wavu ule una kazi nyingine: samaki wa bwawa asifike mtoni. Nilifikiri sambaza tunaowanunua Sake. Hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Walipata nafasi katikati ya ziwa ambayo samaki wengine hawakuitumia, na leo tunawala. Lakini katika ziwa Victoria waliingiza sangara, mwenye mdomo mkubwa, na aina nyingi za samaki wadogo wa pale zikatoweka. Bwawa likikosewa unatoa maji na kuanza upya. Ziwa halitolewi maji.

Kipimo cha wamama wale ni hiki: tilapia 2 kwa kila mita moja ya mraba, na kambale 1 kwa tilapia 10. Kwa bwawa kama letu ni tilapia 400 na kambale 40. Walitoa maji ya bwawa moja nikiwa pale. Tilapia walikuwa wa kujaza kiganja, karibu wote sawasawa. Watoto wa kijiji walipewa kwanza, kisha mizani ikaletwa.

Nilirudi na kusoma haya mbele ya kikundi. Mama mmoja aliyekuwa amewaita kambale wezi aliuliza: “Kwa hiyo yeye hakuiba?” Mwingine akamjibu: “Tulimwandalia meza sisi wenyewe.” Baada ya hapo tulikubaliana. Bwawa letu la mlimani litapata tilapia peke yao, na hatutamwahidi mkubwa wa shule pesa ya samaki mwezi wa 9, maana katika baridi hii wanahitaji miezi zaidi. Pesa ya kambale 22 imenunua tilapia wadogo. Vikundi vyenye mabwawa chini, kwenye joto, wanaweza kuchanganya, lakini wapime kambale kwenye beseni kwanza.

Salongo ya kutengeneza ukingo ni alhamisi. Kila mmoja aje na jembe.