Shelfu Niliyoichelewesha

Baba alipostaafu ualimu, nilimwahidi shelfu ya vitabu. "Mwezi ujao, Baba." Miezi ikawa miaka. Alifariki vitabu vyake vikiwa bado ndani ya maboksi, sakafuni, nyumbani kwetu Bariadi.

Nilipoinua boksi la kwanza, kitako kilibaki chini. Mchwa. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, riwaya ambayo Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikasubiri zaidi ya miaka 30 kuchapishwa kwa Kiswahili, ilikuwa imeliwa hadi katikati.

Kesho yake nikaenda kununua mbao. Bei ya mninga ilinishinda, nikachukua msonobari. Niliazima msumeno na randa kwa jirani. Nguzo niliziachanisha mita moja na nusu. Nilipopanga vitabu, ubao ukapinda katikati kama kitanda cha kamba. Nikavishusha vyote, nikaongeza nguzo ya kati. Msonobari mchwa wanaupenda, kwa hiyo kila mguu niliusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu, na shelfu nikaisogeza mbali kidogo na ukuta.

Mama alikuja jioni, akapapasa mbao nilizopiga msasa. Hakusema kitu kuhusu kuchelewa kwangu. Alikiokota kile kitabu kilicholiwa kwenye rundo la kuchoma, akakipangusa kwa khanga, akakiweka juu kabisa.

"Mama, hicho hakisomeki."

"Nusu inasomeka," akasema. "Kaa, unisomee."