Tuliposinzia Usiku Mmoja

Taya la mwanetu lilipovimba tulidhani ni jino. Tukapoteza wiki tatu. Hospitalini tukaambiwa ni saratani ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, na kwamba watoto wengi hupona wakiwahishwa.

Dawa aliyopewa ni siklofosfamidi, ya ukoo mmoja na gesi ya haradali iliyotumika vitani. Tulishtuka! Lakini siku chache tu uvimbe ukaanza kunywea. Dawa hiyo hushambulia chembe zinazoongezeka upesi. Ndiyo maana nywele nazo zilipukutika na kinga ya damu ikashuka. Wenzetu, joto likipanda wakati huo msingoje kupambazuke.

Kilichotutesa zaidi ni maji. Mabaki ya dawa huunguza kibofu, hivyo muuguzi alituagiza tumnyweshe sana na kumwamsha akojoe. Usiku mmoja tulisinzia sote, mume na mke. Asubuhi mkojo ulikuwa mwekundu. Tulipiga magoti palepale. Aliongezewa maji ya mshipa, damu ikakoma.

Leo anacheza mpira. Daktari alisema dawa hii huweza kuathiri uzazi baadaye. Hilo bado hatujamwambia.