Waya Mbili, Swichi Mbili

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini hapa Kenya ukishajulikana unaelewa kompyuta, utaitwa hata kupanga mtandao. Ndivyo nilivyojikuta nikichora mtandao wa sacco moja: seva mbili, swichi mbili, na wanachama ambao mwisho wa mwezi hawataki kuambiwa eti mitambo imelala.

Meneja akauliza, "Tukitoa waya mbili za gigabiti 1 kwenye seva, si tutapata 2?" Ndiyo na la. Kifaa kinachotuma huangalia anwani za mtumaji na mpokeaji, kisha huchagua waya. Faili moja kwa kawaida hupita waya moja tu. Faida huonekana watu wengi wakiitumia seva kwa pamoja.

Kwangu mimi, kasi si hoja. Hoja ni kwamba waya moja ikikatika kazi inaendelea. Lakini zote zikiishia swichi moja, nayo ikaungua, umebaki na nini? Basi waya moja iende swichi ya kwanza, nyingine ya pili.

Hapo ndipo pana kazi. Itifaki ya LACP, iliyotoka na kiwango cha IEEE 802.3ad mwaka 2000, inataka waya za kundi moja ziishie kwenye kifaa kimoja. Kwa hiyo swichi mbili lazima zijifanye moja. Unaweza kuziunga ziwe rundo lenye ubongo mmoja, au utumie MLAG, ambapo kila swichi ina ubongo wake ila zinapashana habari. Nilichagua MLAG, maana naweza kuzima moja niisasishe huku nyingine ikihudumia watu.

Tahadhari: waya inayoziunga ikikatika, kila moja yaweza kudhani mwenzake amekufa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wekeni njia nyingine, iliyo mbali na ile ya kwanza, ya kujuliana hali. Na kila swichi iwe na UPS yake, la sivyo stima ikipotea zitalala pamoja.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie azime swichi moja saa za kazi huku karani akimhudumia mwanachama. Akikataa, ujue umenunua mchoro tu.

Je, huko kwenu swichi moja ikizimika leo, nini kitasimama?