Miche ya Chupani

Katika maabara yetu ya elimu ya viumbe liko tangi la kioo la samaki, nami ndiye mtunzaji wake mwaka huu. Wenzangu huniuliza kwa nini tunaagiza mimea iliyokuzwa chupani, hali majani ya ziwani ni ya bure. Nawajibu hivi.

Majani ya ziwani huja na konokono na ukoga. Mche wa chupani hauna uchafu huo. Wataalamu hukata kipande kidogo cha mmea, hukisafisha kwa dawa, kisha hukiweka juu ya rojo lililoganda, lenye sukari na chumvichumvi. Mchanganyiko mmoja utumikao sana ulitangazwa mwaka 1962 na mabwana Murashige na Skoog wa Marekani. Kipande kimoja huzaa miche mingi ya namna moja.

Lakini usafi huo una gharama yake. Mche umelishwa sukari, haujazoea kujitengenezea chakula kwa nuru, wala majani yake hayajapata kuishi majini. Basi osha rojo lote, panda kwa mafungu madogo, kisha ngoja. Majani ya kwanza huweza kuoza. Usiung'oe mche, iwapo mizizi yake ni mizima, utatoa majani mengine yafaayo majini.

Sisi wa darasa la mwisho tumelelewa vivyo hivyo, ndani ya ukuta, kwa kengele na chakula tayari. Karibu tutatoka. Ndugu zetu mliotutangulia, mkituona tumenyauka, msituhukumu upesi.